Tarakimu Ishirini

Daktari aliandika: dengi. Akasema, pumzika, mama.
Neno hilo nililikunja pamoja na risiti
nikalibeba hadi nyumbani, Tabata Kimanga,
nikakuta halina pa kukaa:
kochi lina Gwakisa, kitanda kina Gwakisa,
na mlango wa choo unagongwa na Gwakisa,
"Mama, unakojoa? Mama, umemaliza? Mama, nakuona!"

Siku ya tatu nimelala sakafuni.
Humu ndani mwenye huruma ni marumaru peke yake.
Mgongo wangu umekuwa Barabara ya Mandela,
magari mawili ya plastiki na kifuniko cha sufuria
yanapanda uti, yanashuka kiunoni,
"Piii! Piii! Hili lori la baba, linatoka Tunduma."

Baba yao kweli yuko Tunduma, kwenye foleni ya mpakani,
leo siku ya sita.
Anapiga simu: "Unaendeleaje?"
Namjibu, "Naendelea."
Kitenzi kizuri, hakiulizwi kinaelekea wapi.

Atupele, ana miaka mitano, kanibana rimoti kwapani.
Kahesabu kimoyomoyo, kaichomoa, kakunja uso:
"Una homa ya chaneli thelathini na tisa."
Kisha dawa: maji kwenye kizibo cha chupa,
chumvi ya kutosha kukausha samaki,
na punje moja ya wali wa jana.
Nimekunywa.
Macho yananiuma kwa nyuma,
mahali ambapo sikuwahi kujua kwamba nina macho.

Bi Mwanaidi wa upande wa pili wa ukuta
alileta uji wa ulezi kwenye chupa ya chai,
akauweka kizingitini kama anayemtegea panya,
kanga puani, akarudi kinyumenyume.
Nilimwambia dengi ni ya mbu.
Akasema, "Najua, mwanangu, najua,"
tayari yuko uani kwake.

Alasiri akapita muuza koni na baiskeli yake,
na kile kimuziki kinachong'ata sikio.
Nikadanganya: "Leo anauzia wagonjwa tu."
Wakanyamaza. Wakatazamana.
"Si wewe mgonjwa? Kanunue."
Nikashindwa kesi nikiwa nimelala chali.

Saa mbili usiku LUKU ikaisha.
Feni ikazunguka mara tatu, za kuagia,
ikasimama.
Mbu wakaingia zamu.
Gwakisa akaanza kulia kile kilio cha kupanda ngazi,
na mimi, Mungu anisamehe, nikamwonea wivu.

Simu ikatetemeka: baba katuma umeme.
Tarakimu ishirini. Nikizikodolea
zinaogelea, zinabadilishana viti.
"Lete, nisome mimi," akasema Atupele,
akapindua ndoo ya kufulia, akapanda,
tochi ya simu ikimulika kidevu chake.
"Saba. Nne. Nne. Sifuri.
Mama, hii yenye tumbo juu ni sita?"
"Tumbo juu ni tisa."
"Na yenye tumbo chini?"
"Hiyo ndiyo sita."
"Ile ya mwanzo nilibonyeza sita."
Mashine ikakataa.
Akaanza upya, taratibu, kila namba kwa sauti,
kama anaita watoto wa watu waingie ndani, giza limeingia.
Ikakataa tena.
Nilitaka kusema acha, tulale hivihivi.
Ulimi haukunyanyuka, na heri haukunyanyuka,
maana mara ya tatu jokofu lilikohoa,
feni ikakumbuka kazi yake,
na yeye juu ya ndoo hakushangilia hata kidogo.
Alifuta jasho kwa kiganja, kama fundi,
akauliza kama kuna nyumba nyingine isiyo na umeme.

Gwakisa alikuwa ameshaacha kulia katikati ya kilio.
Akapapasa chini ya kochi, akalipata,
akaliegesha nyuma ya shingo yangu, palipo na joto.
"Lori linalala hapa."
Nikamwambia sawa, ila zima injini.
Akaizima.